Siku Niliyopewa Ufunguo wa Gari la Mchungaji

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, na jina lake lisifiwe ndani ya nyumba hii. Naitwa Crisanto. Wengine mnanijua kama mfyatua matofali, wengine kama baba Lúcia, na wapo humu walionijua zamani kule Palma kama dreva wa Afungi. Hao wa mwisho ndio wanaoelewa kwa nini leo nimesimama hapa mbele.

Mimi sikuwahi kuwa dreva wa Afungi. Sikuwahi kuwa dreva wa mahali popote. Kwa miezi minane niliondoka nyumbani kila asubuhi nimevaa koleti la kung'aa, kile kizibao cha wafanyakazi, mke wangu akinisindikiza mpaka barabarani, na nilikuwa nikienda kukaa kwenye chumba cha binamu yangu Tomás kucheza mchezo wa gari kwenye simu. Leo nikilisema hili masikio yangu yenyewe yanashangaa, kana kwamba nasikia habari za mtu mwingine.

Kumbukeni miaka ile. Gesi ilikuwa imeonekana baharini, na Palma yetu ikafurika. Walikuja watu wa Nampula, wa Maputo, Wazungu wa kila namna. Nyumba ambayo jana ilikuwa na kuku na bata, kesho yake ilikuwa na mpangaji. Neno lilikuwa moja tu: kuingia Afungi, kwenye kambi ya kampuni za gesi. Ukikutana na mtu, kabla hajakuuliza hali, anakuuliza kama umeshaingia ndani ya uzio.

Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Mueda na mke wangu Felismina na binti yetu Lúcia, aliyekuwa na miaka minne. Tulipanga nyumba ya udongo pembeni mwa mji, tukapakana na Bibi Mwanahawa, mama mtu mzima wa Kimwani kutoka Quiterajo. Aliishi na binti yake Zaituni, ambaye mume wake alikuwa kwenye uvuvi huko Mocímboa na hurudi mara moja moja. Wao Waislamu, sisi Wakristo, katikati yetu ua wa makuti. Felismina na Zaituni walichota maji pamoja, walitwanga pamoja, na Zaituni aliposhika mimba, mke wangu alijua kabla ya mume mwenyewe.

Basi kampuni moja ndogo ikatangaza kwamba inatafuta watu wa kufundishwa udreva. Si lazima uwe na leseni, walisema, uwe tu umeshawahi kukaa kwenye usukani kidogo, wao watamalizia. Mimi nilikuwa nimewahi kusukuma magari yaliyokwama, na mara mbili nilikaa kwenye usukani wa gari lililozimwa. Nikajiandikisha. Felismina akapika kuku kabla sijaondoka.

Kwenye majaribio walisimamisha miti, wakafunga utepe, wakasema ingiza gari kinyumenyume katikati. Niliangusha miti mitatu. Wa nne nikaukanyaga. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, akafungua mlango na kuniambia kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "Ndugu yangu, wewe hujui. Si dhambi. Nenda ukajifunze popote, tutachukua tena watu baada ya muda." Kwenye fujo ya kuondoka sikuvua lile koleti walilotuvalisha.

Nikarudi nyumbani nalo. Felismina alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, Zaituni nyuma yake, wote wawili wananitazama kifuani, penye ile mistari inayong'aa. Mke wangu akauliza, "Wamekuchukua?"

Nikasema, "Wamenichukua."

Ndugu zangu, sikuwa nimepanga. Lilitoka kama chafya. Na kabla sijalirudisha, Zaituni alikuwa ameshapiga vigelegele, na Bibi Mwanahawa ameshauliza kuna nini huko, na ameshajibiwa. Jumapili yake nilisimamishwa kanisani kwetu Palma, ninyi mliokuwepo mkishuhudia. Mliimba. Mlinizunguka mkicheza. Nikasikia jina langu likitajwa kwenye maombi ya shukrani, nami nikaitikia amina.

Jumatatu ikafika, na mtu mwenye kazi huenda kazini.

Nikaenda kwa Tomás. Yeye alikuwa na chumba cha kuchajia simu karibu na soko, chenye paneli za jua juu ya bati. Nikamwambia ukweli nusu: kwamba kazi itaanza baadaye, nataka mahali pa kukaa. Akaniacha niangalie simu za wateja wakati yeye anahangaika na biashara nyingine, na akanipa kidogo kila wiki. Hicho kidogo nilikipeleka nyumbani, nikasema bado niko kwenye mafunzo. Na huyo Tomás ndiye aliyenionyesha ule mchezo, kwa nia njema kabisa. Alisema, "Si unataka kujifunza? Jifunze humu."

Niwaeleze mchezo wenyewe ulivyo, maana wapo wazee humu wanaodhani nilikuwa nikipiga watu risasi kwenye simu. Hapana. Ni gari tu, na mji. Usukani uko upande huu wa kioo, pedali upande huu. Lazima ufunge mkanda. Lazima uwashe indiketa kabla ya kukata kona. Taa ikiwa nyekundu unasimama, na magari mengine yote yanasimama, hata la tajiri. Mvua ikinyesha unawasha waipa. Na mwisho wa safari kuna nafasi ya kuegesha, imechorwa mistari ya manjano, sawasawa na ukubwa wa gari lako. Ukiingia bila kugusa kitu, linatokea neno la kijani kwa Kireno: Perfeito. Maana yake hukukosea hata kidogo.

Nani mwingine mwaka ule alikuwa akiniambia hivyo?

Nataka mnielewe, maana sikuwa mwendawazimu. Nilikuwa mtu mzima mwenye elimu ya darasa la kumi. Lakini nje ya chumba kile, mji wetu ulikuwa umegeuka, hujui nani mkubwa, hujui mlango uko wapi, ukiambiwa njoo kesho unakwenda kesho unaambiwa nani kakwambia uje. Ndani ya simu sheria ilikuwa moja. Ukikosea unajua ulipokosea. Ukirudia mara hamsini, mchezo hauchoki, haukucheki, haukuulizi baba yako nani. Katikati ya kioo kinatokea kitufe kikubwa cha duara, unakibonyeza, na gari lililogonga ukuta linarudi mwanzoni likiwa zima, halina hata mkwaruzo. Na jambo jingine: mle ndani unaweza kulitazama gari lako kwa juu. Unaliona lote, mbele na nyuma, na kila kilicho karibu nalo. Nilizoea kujiona kwa juu.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa hodari kweli. Nilipitisha lori katikati ya nguzo ambazo ungesema haiwezekani. Vijana waliokuja kuchaji simu walisimama nyuma yangu kutazama. Na ile kampuni ikatangaza tena majaribio.

Hapa ndipo ninaposhtuka kuliko pote. Nilivaa koleti asubuhi ile nikiwa nakwenda kweli. Nia ilikuwepo. Ningefaulu, uongo ungegeuka kweli, na hakuna ambaye angejua. Nilifika kwenye njia panda, pale pa kwenda uwanja wa majaribio na pa kwenda sokoni. Nikasimama. Nikaiona ile miti na ule utepe. Nikafikiri, je, nikiiangusha tena? Maana kwenye simu mimi sikuwa mtu wa kuangusha miti tena. Nikakata kwenda sokoni. Niliketi, nikafunga ule mkanda wa kwenye simu, nikaendesha mpaka jioni. Na nilijisikia vizuri, ndugu zangu. Hilo ndilo linalonitisha. Nilijisikia vizuri kabisa.

Ikaendelea hivyo. Felismina alifua koleti kila Jumamosi, akalianika upande wa barabarani ili watu walione.

Sasa nije kwenye ile Jumapili.

Mchungaji alikuwa amekwenda Mueda kwenye msiba, akasafiri na wenzake, gari lake akaliacha kwenye kiwanja cha kanisa. Pikapu ile mnaikumbuka, nyeupe, mlango mmoja wa bluu. Ufunguo alimwachia Mzee Atanásio, aliyekuwa akiongoza ibada. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili. Kukawa na sauti nje, na wanawake wanne wakaingia kiwanjani wamemshika Zaituni mabega. Bibi Mwanahawa anafuata nyuma kwa fimbo yake. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri, mtoto hashuki, na mkunga wa mtaani alikuwa amesema hospitali, na haraka. Hakuna gari lingine upande ule wa mji. Wamekuja kwenye gari la kanisa.

Mzee Atanásio alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani. Alikuwa na furaha usoni, naiona mpaka leo, furaha ya mtu aliyekuta Mungu ameshapanga. Akainua ule ufunguo juu, akasema, "Tumshukuru Bwana. Mchungaji hayupo, lakini tunaye dreva wa Afungi humu humu ndani. Ndugu Crisanto, njoo."

Ndugu zangu, nilikuwa na muda wa kusema. Msije mkadhani sikuwa nao. Kutoka benchi nililokaa mpaka kwa mzee ni hatua kumi na mbili, na kila hatua ilitosha kwa neno moja: "Sijui." Felismina alimwondoa Lúcia mapajani mwangu, akaniambia, "Nenda, baba Lúcia, mimi nakaa naye nyuma," akamkabidhi mtoto kwa jirani, akanipita mbio kwenda kutandika godoro kwenye gari. Mke wangu akapanda nyuma ya pikapu. Zaituni akalazwa, kichwa chake mapajani mwa Felismina. Bibi Mwanahawa, kwa kuwa miguu yake haikuweza kupanda nyuma, akaketi mbele, kando yangu.

Nilipowasha likazimika. Nikawasha tena, likaruka mbele, likazimika. Kwenye simu hakuna klachi, au ipo, lakini mimi niliiondoa zamani ili iwe rahisi. Watu wakasema gari la mchungaji ni kuukuu. Walinitetea. Mara ya tatu likakubali. Nikatakiwa kurudi nyuma kidogo ili nitoke langoni, na nusu ya kanisa ilikuwa imesimama nyuma. Nikainua macho kutafuta kujiona kwa juu. Nawaambia kweli, macho yangu yalikwenda juu, kwenye paa la gari, yakakuta kitambaa kilichochanika. Nikatazama kioo cha ndani, nikaona macho yangu tu. Nikaachia mguu wa klachi. Gari likaenda lilivyotaka, watu wakaruka pembeni, wakacheka, wakasema dreva ana haraka. Nikatoka langoni kwa neema tu.

Barabara ya kwenda hospitali, kipande cha kwanza imenyooka, mchanga mchanga. Hapo nilikwenda. Nilikwenda mpaka nikaanza kuamini. Nyuma namsikia Zaituni akilia, na Felismina akimwambia, "Pumua, dada, tunafika, baba Lúcia anaendesha, tunafika." Bibi Mwanahawa alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Halafu akanyamaza.

Akaniuliza, "Mwanangu, mbona vidole vyako vinacheza hivyo?"

Nikavitazama. Vidole gumba vyangu viwili vilikuwa vikigonga juu ya usukani, kimoja huku, kimoja huku, kama mtu anayebonyeza simu. Sikujua. Naapa sikujua kama vilikuwa vinafanya hivyo.

Nilipoinua macho, lori la mawe lilikuwa mbele yetu, linatoka kwenye kona na vumbi lake. Barabara ni nyembamba. Dreva wa lori aliwasha taa, akasogea kando yake akaniachia nafasi, na nafasi ilitosha. Ingemtosha mtu yeyote anayejua. Mimi mguu ulitafuta breki ukakuta pedali nyingine. Pikapu ikaruka, ikaacha barabara, ikaingia kwenye shamba la muhogo, ikapanda tuta, ikashuka tuta, nasikia vitu vinagonga nyuma, nasikia sauti ya mke wangu, kisha tukapiga kisiki tukasimama.

Na mimi nikafanya nini? Nilinyoosha kidole gumba, nikabonyeza katikati ya usukani, pale panapotokea kile kitufe cha duara. Nikabonyeza kwa nguvu. Nilikuwa nangoja turudi kwenye kiwanja cha kanisa, sote wazima, gari halina mkwaruzo.

Honi ikalia. Pale katikati ya usukani, kumbe, ndipo penye honi. Nami sikuachia. Ililia, ililia, mpaka Bibi Mwanahawa akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akautoa.

Akanitazama. Alikuwa amejigonga paji la uso, lakini sauti yake ilikuwa ya taratibu. Akasema, "Mwanangu, nijibu kweli. Unajua kuendesha gari?"

Nikasema, "Hapana, bibi."

"Na kule Afungi?"

"Sijawahi kufanya kazi Afungi. Siku hata moja."

Nilisikia kitu kikitikisika, nikageuka. Kile kidirisha cha nyuma kilikuwa wazi, na Felismina alikuwa pale, uso wake kwenye kidirisha. Alikuwa amekuja kuuliza kama tu wazima. Mdomo wake ulikuwa umejaa damu. Gari liliporuka alijilaza juu ya Zaituni kumkinga, akapiga meno kwenye bomba la ukingo wa pikapu, na jino la mbele likakatika. Alikuwa amesikia yote. Sikumwona akikasirika. Alikuwa ameshtuka kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta watu asiowajua wameketi. Alinitazama hivyo, labda kwa pumzi mbili. Kisha Zaituni akapiga kelele, na Felismina akatema damu, akamgeukia.

Mtoto alikuwa anakuja. Mtikisiko ule, au wakati wake tu, sijui, mimi si mganga. Alikataa asubuhi nzima, sasa anakuja, kwenye shamba la muhogo la watu. Bibi Mwanahawa, ambaye hakuweza kupanda nyuma kwa miguu yake, akaniambia nimwinue. Nikambeba nikampandisha. Akanipa kapulana yake, kanga aliyojitanda, akaniambia, "Shika hapa, funika upande wa barabara, ugeuze mgongo, usigeuke mpaka nikuambie." Hiyo ndiyo kazi niliyopewa siku ile, na ndugu zangu, ndiyo kazi ya kwanza ya kweli niliyofanya kwa miezi minane: kusimama juani nimeshika kitambaa.

Dreva wa lori alikuwa amesimama kwa sababu ya ile honi. Alisema baadaye kwamba vumbi lilimziba, hakuona tulipoingilia, angeendelea na safari akidhani tumepita. Honi haikunyamaza, ndiyo akateremka kufuata sauti. Mtu mzima mwenye kanzu fupi chini ya koleti lake. Koleti lake lilikuwa la kweli. Alipoona hali, naye akageuza mgongo, akasimama kando yangu. Tukasimama hivyo wawili. Mimi nikamwambia mwenyewe, "Sijui kuendesha. Nimewadanganya." Akatikisa kichwa, akasema, "Omba kwanza, hayo baadaye." Yeye akaomba kwa Kiarabu, mimi kwa Kimakonde.

Mtoto alitoka kimya. Tulisikia ule ukimya. Tukamsikia Bibi Mwanahawa akimsugua, akimpigapiga, akimwita, akimwambia njoo, njoo, umeshafika. Halafu mtoto akalia. Alilia kidogo, kisha kwa hasira. Nikakaa chini kwenye muhogo, na kapulana bado nimeishika juu.

Yule dreva hakuruhusiwa kubeba watu kwenye lori la kazi, alisema hivyo mwenyewe. Kisha akasema akiulizwa atajibu. Akawapandisha wote kwenye kabini: Zaituni, mtoto, bibi, na Felismina na mdomo wake umefungwa kitambaa. Mke wangu alipita mbele yangu akafunga mlango wa kabini. Nikabaki na pikapu kwenye kisiki.

Nilirudi kanisani kwa miguu. Hamkuwa mmeondoka. Mlikuwa mnaimba, mnatungoja. Mliponiona peke yangu, nina damu kwenye shati, wimbo ulikatika katikati ya neno. Mzee Atanásio akaniuliza, "Wamefika?"

Nikasema, "Wamepelekwa na mtu mwingine. Mtoto amezaliwa, mzima. Gari la mchungaji nimelivunja. Mzee, mimi si dreva. Sijawahi kuchukuliwa Afungi. Mliponishukuria Mungu hapa, nilikuwa nimewadanganya ninyi na yeye." Nikaeleza mpaka na mchezo wa simu. Hakuna aliyesogea. Dada mmoja wa kwaya alishika mdomo kwa mikono miwili, hakuitoa mpaka nilipomaliza. Nilingoja mnifukuze. Mzee Atanásio akausogeza ubao wa benchi kwa mguu, akasema, "Kaa. Miezi minane tumekuwa tukimwombea mtu ambaye hayupo. Leo tuanze kumwombea huyu aliyepo."

Hapo, ndugu zangu, ndipo niliposhikwa na Bwana. Nililia mpaka nikakosa sauti.

Msidhani mambo yalinyooka siku ileile. Felismina hakurudi nyumbani. Alikaa kwa Bibi Mwanahawa wiki tatu, kumsaidia Zaituni na mtoto. Kati yetu ua wa makuti tu. Namsikia akicheka upande wa pili, namsikia akimbembeleza mtoto, na siwezi kuvuka. Mtoto aliitwa Bakari, jina la baba yake Bibi Mwanahawa. Mchezo nao niliufuta kwenye simu, nikaurudisha, nikaufuta, nikaurudisha. Nilimpa Tomás simu yenyewe aifungie, nikaenda kumwomba baada ya siku mbili. Akakataa kunipa. Mungu ambariki Tomás. Sisemi mchezo ule ni shetani. Tomás alicheza miaka na hakumdanganya mtu. Ni mimi niliyekuwa nimehamia kuishi mle.

Wiki ya tatu Felismina alivuka. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akanitazama, na kile kipengo cha jino mbele kilikuwa kinaonekana alipozungumza. Nilidhani ataniuliza kwa nini. Akauliza, "Mchana ulikuwa ukila wapi?"

Mnajua alikuwa akinifungia chakula kila siku, muhogo au viazi na samaki kidogo kama yupo. Nikamjibu, "Kwa Tomás. Nilikula chakula chako chote, kila siku."

Akaanza kulia. Akasema, "Mimi nilikuwa nawaza unakaa kule na wale wakubwa, kwenye meza zao, unaona aibu kufungua muhogo wangu. Kila siku nilifunga nikiwaza hivyo."

Ndugu zangu, nilidhani najua madhara ya uongo wangu. Nilimhesabia jino na gari na jina letu. Hili sikulijua. Kila asubuhi kwa miezi minane mke wangu alikuwa akijionea haya peke yake jikoni, kwa sababu ya mahali ambapo mimi sikuwepo.

Mchungaji aliporudi hakunilaumu mbele za watu. Nilifyatua matofali ya nyumba yake yote, na pikapu ilipotengenezwa akaniita Jumatatu moja. Akasimamisha miti minne kwenye kiwanja cha kanisa, akanipa ufunguo. Nikamwambia siwezi. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekuita." Niliiangusha yote. Watu wa bairo, wa mtaa ule, walikuja kutazama, wakacheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikashuka nikaisimamisha, nikapanda tena. Leseni sikuwahi kuipata, maana vita vilitufikia kabla, tukakimbia kila mtu na njia yake. Lakini siku ile tulipokimbia, nilimwambia Felismina tupite njia gani, nikaona ananiamini papo hapo, bila kunitazama machoni mara mbili. Mwenye macho na aone Mungu amefanya nini.

Kwa hiyo namshukuru Bwana aliyenitoa kwenye mji ule wa ndani ya simu, usio na watu. Namshukuru Bibi Mwanahawa, ambaye aliniuliza swali moja na kungoja jibu. Namshukuru yule dreva, popote alipo. Na kama humu ndani kuna mtu ambaye kila asubuhi anaondoka nyumbani akisema anakwenda mahali fulani na haendi huko, nakusihi, njoo mbele leo, au nishike mkono pale nje baada ya ibada. Sitakuuliza mengi. Usingoje mpaka watu wako wawe wamepanda nyuma ya gari.

Felismina yupo, benchi la pili, mwenye kitambaa cha kijani. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Alisema niwaambie yote, na nikifika kwenye jino nisiharakishe. Nimejaribu. Bwana wetu asifiwe, yeye anayetupokea tulivyo. Sasa naomba nikakae na mke wangu.